Kombolela, Mabatini

Kengele ya mwisho ilikuwa rimu ya lori,
Mwalimu Lushinge akiigonga kwa nondo
saa nane na nusu, njaa imeshazoeleka.
Wenye hela ya tuisheni walibaki na madawati yao.
Sisi wengine tulipanda mlima.

Unaijua Mabatini? Nyumba zimesimama juu ya mawe
kama mbuzi, kila moja na pale ilipopata pa kukanyaga,
maji machafu yakiwatangulia watu kwenye ngazi.
Nyuma ya kwa kina Bugumba mawe mawili yameegemeana,
na mbele yake pana uwanja wa kutosha watoto kumi na mmoja
na kopo moja la rangi.
Kocha hatukuwa naye. Kopo tulikuwa nalo.

Nilikuwa mgeni, nimetoka Ukerewe,
ulimi unakwama kwenye herufi
kama mtumbwi kwenye magugu maji.
Darasani nilishaacha kunyoosha mkono.
Mwalimu alidhani sijui. Nilijua;
jibu lilifika limechoka, wenzangu wameshacheka.

Lakini kwenye kombolela anayetafuta lazima ahesabu,
kwa sauti, uso kwenye jiwe, mpaka hamsini.
Siku zamu yangu ilipofika nililia.
Doto (hata sikumpenda, aliniibia kalamu)
akalaza paji lake kwenye jiwe, kando ya paji langu,
akasema, "Moja."
Tukahesabu wawili. Jiwe lilikuwa na joto la mchana kutwa.
Kwenye ishirini na saba akanyamaza, hakuniambia.
Hamsini niliifikia peke yangu, bila kujua.

Niliwahi kuulizwa kwenye usaili wa kazi
nilijifunzia wapi kuzungumza na watu.
Nikataja chuo.

Na mengine tulijifunza palepale:
kugawana muwa mmoja kwa meno ya watu kumi na mmoja,
kugombana mchana na kusahau kabla ya magharibi,
kumdanganya mama yeyote, sote, kwa maneno yaleyale.
Na hili, ambalo ningeomba lisihesabiwe:

Nkwimba wa mama dagaa.
Sare yake ilinukia Mwaloni hata Jumatatu.
Alikuja siku tatu. Siku ya nne tukakonyezana.
Akaenda kujificha. Aliyehesabu ni mimi,
kwa sauti yangu mpya, bila kukwama popote,
na hamsini ilipofika
sote tukashuka kwenda makwetu
tumebana vicheko kama mtu anayebana pumzi majini.

Giza likaingia. Karabai za wavuvi zikawaka ziwani,
moja, halafu moja.
Usiku nikamsikia mama yake
akiliita jina lake jiwe hadi jiwe.
Sikutoka. Nilivuta shuka.
Kesho yake Nkwimba alipita njia ya chini,
na kesho yake tena.

Miaka thelathini. Jumamosi iliyopita, Mwaloni,
mwanamke mwenye kalamu sikioni
ananipimia sado ya dagaa
huku akiwaamuru makuli wanne kwa nyusi tu.
"We si yule wa kwa kina Bwire? Kigugumizi?"
N-n-ndiyo, nikasema.
Akacheka, wala si kwa ubaya. Akaongeza konzi mbili juu.
"Mnajua lakini kwamba nilishinda," akasema.
"Hakuna aliyeniona."

Nilitaka kukimbia nikalipige lile kopo teke,
nipaze lile neno linalowafungua waliokamatwa wote.
Sijui hata nani kati yetu alikuwa amekamatwa.
Alishamgeukia mteja mwingine.

Jioni mwanangu anarudi tuisheni, saa moja kasoro,
wa kwanza kati ya wanafunzi tisini na wawili.
Dagaa wanakaangika.
Namuuliza, anayekaa pembeni yako anaitwa nani?
Anaweka begi chini.
Anafikiri.